Bobini ya arusi: kijana wa garaji asilipishwe peke yake

Siku ya posho, mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi likiwa kali kama kawaida yake kabla ya mvua kushika, msafara wa arusi ulisimama katikati ya barabara, kati ya komini na ukumbi wa sherehe. Gari la mbele ndilo lililozimika: MGB nyekundu isiyo na paa, maharusi wameketi juu nyuma ya viti, mjukuu wa mwenye gari akishika usukani upande wa kuume kama ilivyo kwa magari yanayotoka Zambia. Alizungusha ufunguo mara moja, mara tatu, mara kumi. Demareri ilizunguka vizuri, lakini moteri haikushika. Magari ya nyuma yalipiga honi, kwanza kwa furaha, kisha kwa hasira. Bibi-arusi alishuka, akainua gauni lake, akaingia katika taksi iliyokuwa ikipita. Dakika arobaini baadaye, watu wote wamekwisha kwenda, gari liliwaka mara ya kwanza tu, kama vile halikuwa na ugonjwa wowote.

Juma lililofuata hesabu ilifanywa. Jamaa ya bwana-arusi walikataa kulipa sehemu ya pili ya feza ya kukodi. Mwenye gari, mzee mstaafu wa mtaa wa Bel-Air, alimwita mkubwa wa garaji. Mkubwa wa garaji alimnyoshea kidole mwanafunzi wake, kijana wa miaka 19, kwa sababu ndiye aliyetumwa sokoni siku tatu mbele kununua bobini mpya. Kijana akaambiwa alipe bobini, alipe na hasara ya kukodi, na mpaka atakapomaliza, sanduku lake la vyombo linabaki garaji. Bila vyombo hana kazi, na bila kazi hana cha kulipa.

Uamuzi huo si wa haki. Ili kuona kwa nini, lazima kwanza kufungua bobini yenyewe, jambo ambalo hakuna mtu aliyelifanya siku ile watu wazima walipokaa kuhukumu.

Bobini, ambayo Watanzania huiita koili, ni kile kikopo kinachochukua volti 12 za batri na kuzigeuza kuwa maelfu ya volti za kurusha cheche kwenye buji. Ndani yake mna nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma: mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu. Platini za delko zikifungwa, umeme unapita katika waya mnene. Platini zikifunguka, umeme unakatika ghafla, na waya mwembamba unatoa pigo linaloenda kwenye buji. Katika moteri ya silinda nne kama ya MGB, pigo hilo linatoka mara mbili kila moteri inapozunguka mara moja.

Swali la kwanza la mtu anayechagua bobini mpya ni hili: waya mnene una omu ngapi? Omu ni kipimo cha jinsi waya unavyouzuia umeme kupita. Kwa magari ya platini ya volti 12 kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ina omu 3 hivi na inapokea umeme wote wa batri bila msaada. Ya pili ina omu 1.5 hivi, na lazima iwe na rezistansi mbele yake, yaani kizuizi cha omu 1.5 hivi kinachokula nusu ya nguvu ili bobini ibaki na volti 6 au 7. Wakati wa kuwasha, rezistansi hiyo inarukwa. Bobini inapata umeme wote wa batri kwa nukta chache, na moteri inashika hata kama batri imechoka. Ni mpango wenye akili, na magari mengi yaliutumia.

Kwa macho, bobini hizo mbili ni mapacha. Kikopo kile kile, skrubu zile zile mbili, tundu lile lile la katikati. Tena, na hapa ndipo wengi wanapoanguka, zote mbili zinaweza kuwa zimeandikwa volti 12 ubavuni, kwa kuwa kiwanda kinataja gari linalotumia batri ya volti 12, si umeme unaoifikia bobini. Maneno ya kwamba inahitaji rezistansi mara nyingi yamepigwa kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza au Kijerumani, na wakati mwingine hayapo kabisa.

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 mpaka 1980, na zaidi ya magari 500,000 yalitoka pale, ukihesabu na yale yenye paa ya bati. Zile za miaka ya 1960 na za mwanzo wa miaka ya 1970 zilifungwa bobini ya omu 3 isiyo na rezistansi. Zile za miaka ya mwisho zilipewa bobini ya omu 1.5, na rezistansi yake haionekani. Si kile kipande cheupe ambacho mafundi wamezoea kukiona kwenye magari mengine. Ni waya maalum uliofichwa ndani ya kifungu cha nyaya. Kwa hiyo hata jina la gari halitoshi. Fundi anayesema “nataka bobini ya MGB” bado hajasema kitu.

Gari la mzee ni la 1970. Bobini yake ya zamani ilikuwa imeanza kutoa mafuta kwenye mdomo, na bobini ya namna hiyo ikishapoteza mafuta yanayoipoza, maisha yake ni mafupi. Kuibadilisha ulikuwa uamuzi mzuri. Kijana alipewa picha katika simu na dola 15, akaambiwa arudi na nyingine inayofanana. Alirudi na inayofanana. Fundi mwingine alipoipima baada ya arusi, multimetri ilisoma omu 1.5.

Hesabu yake mtoto wa shule anaiweza. Volti 12 ukigawanya kwa omu 3, unapata ampea 4. Volti 12 kwa omu 1.5, unapata ampea 8. Umeme umeongezeka mara mbili, na moto unaozaliwa ndani ya kikopo pia umekuwa mara mbili: kutoka wati 48 hadi wati 96 kila wakati platini zimefungwa. Na hapo batri haijaanza kuchajiwa. Moteri inapozunguka, volti hupanda hadi 14 na hesabu inazidi kuwa mbaya. Platini nazo, zilizotengenezwa kwa ampea 4, zinaanza kuungua usoni.

Lakini siku ya kwanza hakuna anayelalamika, maana bobini ya omu 1.5 ikifungwa mahali pa omu 3 inatoa cheche kubwa na nzuri. Gari linawaka upesi, moteri inaitika. Katika garaji ile siku ya tano watu walifurahi. Mkubwa mwenyewe alisema bobini ya zamani ndiyo iliyokuwa inalitesa gari miaka yote. Alisifu kazi na kupokea feza. Siku ya posho, kazi ile ile ikageuka kuwa ya mwanafunzi.

Na msafara wa arusi ni mtihani mbaya kuliko safari ya kwenda Likasi. Gari linatambaa. Moteri ikizunguka polepole, kila mara platini zinapofungwa zinakaa zimefungwa muda mrefu zaidi, umeme unafika kilele chake, na bobini inapika. Hakuna upepo wa kuipoza. Jua la mwezi wa kumi liko juu, na radiateri inapuliza joto lake chini ya boneti.

Kuna tena jambo ambalo jamaa ya mzee hawapendi kulitaja. Mbele ya komini msafara ulisimama kwa ajili ya picha. Mjukuu alizima moteri, kisha akarudisha ufunguo kwenye kontakti ili redio iendelee kuimba. Walioshuhudia wanasema picha zilichukua karibu robo saa. Katika gari la platini, kama moteri imesimama na platini zimebahatika kufungwa, umeme unapita katika bobini bila kukatika hata kidogo. Hata bobini nzuri ya omu 3 haipendi mambo hayo. Ile ya omu 1.5 bila rezistansi inakuwa kama jiko. Bobini iliyopata joto kali namna hiyo inadhoofika, cheche inakufa, na ikipoa inafufuka. Ndiyo sababu gari liliwaka lenyewe dakika arobaini baadaye.

Sasa nani alipe?

Mtu atasema: kijana ndiye aliyenunua, na mtu anayenunua anajibu. Hoja hiyo ina uzito wake. Mwanafunzi wa garaji lazima ajifunze kuuliza, na kijana huyu hakuuliza. Hata hivyo, mtu anajibu kwa kitu alichofundishwa. Katika garaji ile multimetri haikuwapo. Ilikuwapo zamani, ikafa, na haikununuliwa nyingine, ingawa siku hizi multimetri ndogo haipiti bei ya bobini yenyewe. Mwanafunzi aliyetumwa na picha ya simu amefundishwa kwamba bobini inachaguliwa kwa sura. Mkubwa aliyemtuma ndiye aliyepokea bobini mkononi, akaiangalia, akaifunga au akaona ikifungwa, na ndiye aliyelipwa. Kazi ikitoka katika garaji, inatoka kwa jina la mkubwa.

Muuzaji naye hawezi kuoshwa kirahisi. Kwenye meza za vipande vya magari za mji huu bobini zinapangwa kwa rangi, na mnunuzi anaambiwa “hii ni ya magari yote.” Hakuna bobini ya magari yote. Watu wamezoea kwamba ile ya bluu ya Bosch ni ya omu 3 na kitu, na ni kweli kwa ile ya Bosch yenyewe, lakini rangi ya bluu inapatikana katika kila duka la rangi. Muuzaji anayeweka multimetri juu ya meza na kumwonyesha mteja namba kabla ya kupokea feza hangepoteza kitu. Angepata wateja. Kuna wauzaji wa batri ambao hawauzi bila kupima. Haieleweki kwa nini wa bobini waachwe.

Kupima si kazi ya injinia. Unaweka multimetri kwenye omu, unagusanisha kwanza ncha zake mbili na kuona zenyewe zinasoma ngapi, kwa kawaida sehemu kidogo ya omu moja, ambayo utaitoa kwenye hesabu. Bila kutoa, bobini ya 1.5 inaweza kusomeka kama 2 na kukuchanganya. Halafu unagusa zile skrubu mbili ndogo. Kisha skrubu moja na tundu la katikati: hapo utaona maelfu ya omu, na kama haisomi kitu, waya mwembamba umekatika ndani na bobini hiyo muuzaji abaki nayo.

Kazi ya pili iko kwenye gari, na wengi hawaifanyi au wanaifanya vibaya. Ni lazima kujua kama gari lina rezistansi au halina, maana katika miaka zaidi ya hamsini nyaya zimebadilishwa na mikono mingi, na mwaka wa gari peke yake si ushahidi. Mafundi wanaweka multimetri kwenye skrubu ya bobini inayopokea umeme, wanafungua kontakti, wanasoma volti 12 na kusema: hakuna rezistansi. Hapo wamedanganywa. Kama platini ziko wazi, umeme haupiti, na umeme usipopita rezistansi haili kitu. Utasoma volti 12 hata kama rezistansi ipo. Lazima platini ziwe zimefungwa. Njia rahisi ni kuunganisha skrubu ile nyingine, inayoenda delko, na chuma cha gari kwa waya mfupi, kusoma upesi, kisha kuondoa waya. Ikisoma karibu na volti za batri, gari halina rezistansi na linataka bobini ya omu 3. Ikisoma 6, 7 au 8, rezistansi imejificha mahali. Kuifunga bobini ya omu 3 kwenye gari hilo hakutaunguza kitu, lakini cheche itakuwa dhaifu na asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita gari litawasumbua.

Hata kabla ya hayo yote, kondansateri. Ni kipande kidogo kama kifundo cha kidole, kimefungwa kwenye delko, na dhambi zake nyingi hutwikwa bobini. Kondansateri iliyochoka nayo inaweza kuzimisha gari likiwa la moto na kuliacha liwake likipoa. Fundi mwenye busara anabadilisha kondansateri kwanza, tena akiwa na ya pili mfukoni, maana zile mpya za leo nazo si za kuaminiwa.

Baada ya aibu ile, mzee alipata washauri wengi. Mmoja alimwambia anunue bobini ya “sport” ya volti 40,000, kwa kuwa gari lenyewe ni la sport. Maneno hayo yanauza vizuri na yana ukweli mdogo. Buji haichukui volti zote zilizoandikwa kwenye boksi; volti zinapanda mpaka pale cheche inaporuka, kisha zinaishia hapo. Moteri ya kawaida ya MGB yenye buji safi na nafasi iliyopimwa haina haja ya volti 40,000. Bobini ya sport yenye omu 3 haitalidhuru gari, lakini isitegemewe kuongeza mbio. Kama moteri haina nguvu, watazame kabureta zake mbili na delko.

Mwingine alimshauri atoe platini kabisa aweke kifaa cha elektroniki. Hilo ni jambo zuri kwa mtu anayesafiri mbali, lakini halimwondolei kazi ya kuchagua bobini, bali linaizidisha. Kila kifaa cha namna hiyo kina omu zake za chini kinazozikubali, na ukiweka bobini isiyofaa kinakufa bila kutoa onyo. Platini zikiungua barabarani, unazikwangua kwa kipande cha msasa na kufika nyumbani. Kifaa kile kikiungua Kasumbalesa, unalala Kasumbalesa.

Watoto wa mzee wana ushauri wao: gari liuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa mitraye, feza zigawanywe. Wanasema gari la zamani ni mzigo. Lakini gari hilo ndilo linalolipa masomo ya wajukuu wawili, ndoa baada ya ndoa, na kilichoshindikana siku ile si gari la 1970. Ni kipande cha dola 15 ambacho hakuna aliyekipima.

Kama hasara lazima igawanywe, mkubwa wa garaji achukue sehemu kubwa, maana kazi ni yake na feza alipokea. Mzee achukue sehemu ya mjukuu wake na redio yake. Muuzaji arudishe bei ya bobini, ikiwa ataonekana. Kijana hakupewa hata kikaratasi cha malipo, na hili nalo ni kosa la watu waliomtuma bila kumwambia adai karatasi. Sehemu ya kijana haizidi kufanya kazi siku chache bila malipo, huku akifundishwa kushika multimetri. Kumnyang'anya vyombo si malipo. Vyombo vile, mama yake alivinunua kimoja kimoja kwa faida ya kuuza unga wa mahindi katika soko la Kenya.

Mpaka juma hili sanduku liko bado chini ya meza ya garaji, limefungwa na kufuli ambalo si la kijana. MGB imewekwa bobini ya omu 3, kondansateri mpya na platini mpya. Imekwisha kukodiwa kwa ndoa nyingine ya mwezi wa kumi na mbili.